Mwoga Bora wa Mwezi

Kwanza nikutoe hofu, msomaji: nchi hii haipo. Nimeitafuta mwenyewe kwenye ramani ya ukutani ofisini kwetu na sikuiona, ingawa ofisi yenyewe imo ndani yake. Kwa hiyo ukikutana humu na mtu anayefanana na bosi wako, mlaumu bosi wako.

Mimi naitwa Nasibu, karani wa masijala katika Idara ya Maji ya mji wetu. Masijala, kwa wasiojua, ni chumba cha mafaili. Barua ikiingia napiga muhuri, ikitoka napiga muhuri, na siku ambayo hakuna inayoingia wala inayotoka napiga muhuri kwenye karatasi tupu ili wino usikauke. Kazi nzuri. Nimeifanya miaka kumi na tisa na sijagombana na mtu.

Idara yetu ilikuwa na watumishi arobaini na mmoja. Arobaini walikuwa ofisini. Kulikuwa na Afisa Mipango ya Maji, Afisa Takwimu za Maji, Msemaji wa Maji, na Msaidizi wa Msemaji, ambaye alisema pale Msemaji alipokuwa ametoka kidogo. Kulikuwa pia na mabwana wanne wa Kitengo cha Ufuatiliaji, ambao mpaka leo hatujui wanafuatilia nini, na wenyewe tukiwauliza wanasema suala hilo wanalifuatilia. Saa mbili tunasaini kitabu cha mahudhurio. Saa mbili na robo tunakunywa chai. Chai inakwisha saa nne, na kuanzia hapo mwananchi akija anaambiwa ukweli mtupu, kwamba mhusika ametoka kidogo.

Wa arobaini na moja alikuwa Bi. Siwatu. Yeye ndiye aliyekuwa anafungua maji.

Mji wetu unapata maji kwa mgao, na mgao huo unapita kwenye koki nane kubwa za chuma zilizo ndani ya mashimo, kila shimo na mfuniko wake wa zege. Ramani iliyoonyesha koki ipi iko wapi na inapeleka maji mtaa gani ililiwa na mchwa enzi za mkurugenzi wa tatu. Nakala iliyobaki ilikuwa kichwani mwa Bi. Siwatu. Kila siku saa kumi na moja na nusu alfajiri alijifunga kanga kiunoni, akavaa raba, akachukua spana lake refu na kuanza kuzunguka. Alianza na koki ya tatu siku zote, kwa sababu koki ya tatu inapeleka maji wodi ya wazazi. Watu huniuliza kama alikuwa na cheo. Alikuwa nacho: kibarua wa kudumu. Miaka ishirini na sita.

*

Basi siku moja ukaja waraka kutoka kwa Mtukufu Rais, kurasa mbili.

Hapa inabidi niseme jambo ambalo sijalisema mbele ya kamati yoyote. Ofisini kwetu ukurasa wa kwanza wa waraka hausomwi. Ni desturi, nimeikuta. Ukurasa wa kwanza ni salamu, baada ya salamu ni sifa za mwenye kuandika, na baada ya sifa ni shukrani zake kwa sifa hizo. Agizo lenyewe huwa ukurasa wa pili. Siku ile muuza vitumbua aliishiwa karatasi za kufungia, na mimi nina huruma. Nikampa ukurasa wa kwanza. Wa pili nikaupiga muhuri, nikaupeleka kwa Mkurugenzi, nikarudi mezani kula.

Kitumbua cha mwisho ndicho kilichoniponza. Chini yake, mstari wa mwisho wa ukurasa, uliolowa mafuta, ulisomeka hivi: "Hivyo basi, ili kuongeza ufanisi katika utumishi wa umma, naagiza kila kiongozi awape watumishi walio chini yake mo-".

Mo, halafu kistari. Neno lilikatwa katikati, nusu yake ilikuwa ukurasa wa pili, ambao sikuusoma kwa sababu kazi yangu ni kupiga muhuri. Nikajaribu kubahatisha. Moto? Moshi? Kwa serikali yetu vyote viwili vinawezekana. Kabla sijafika popote kengele ya mkutano ikalia.

Mkurugenzi wetu, Bwana Tindwa, ni mtu anayeheshimu maandishi. Akiandikiwa "tafadhali", kwanza anatafuta sheria inayohusu tafadhali. Alisimama mbele yetu, akavaa miwani, akasoma ukurasa wa pili kwa sauti ya Ikulu: "tisha kila Jumatatu asubuhi, bila kujali cheo, umri wala jinsia ya mtumishi. Mtumishi ambaye baada ya miezi mitatu hatakuwa ameonyesha mabadiliko, aondolewe kazini."

Motisha. Neno lilikuwa motisha. Rais alitaka tupewe motisha kila Jumatatu: labda chai yenye maziwa, labda neno la ahsante, labda cheti. Nililielewa hapo hapo, na jasho likanitoka hapo hapo, maana kulisema ilikuwa ni kusema pia kwamba salamu za Mtukufu Rais zimefungia vitumbua. Nchini kwetu bwana mmoja alifungwa miezi sita kwa kukalia gazeti lenye picha ya Rais, tena yeye alikuwa amekalia upande wa michezo. Nikafunga mdomo.

Kwa haki kabisa, Msemaji alijaribu. Alinyoosha mkono akasema kwamba waraka umeanza na herufi ndogo, kama vile kuna maneno yaliyotangulia. Mkurugenzi alimtazama kwa huruma.

"Rais hana haja ya kuanza na herufi kubwa," alisema. "Mtu anayetisha kwelikweli huanza taratibu."

Tukapiga makofi. Kisha akatueleza, kwa muda wa saa moja na nusu, kwamba uongozi wa kisasa umegundua kuwa mtumishi ana moyo, kwamba moyo ukidunda damu inazunguka, damu ikizunguka mikono inachangamka, na mikono ikichangamka mafaili yanasogea. Alishangaa kwamba mataifa makubwa hayakuligundua jambo hili mapema. Siku hiyo hiyo ikaundwa Kamati ya Kutisha.

*

Nafasi ya Mtishaji wa Idara ilitangazwa kwa utaratibu. Mwombaji awe raia, awe na sauti, awe na uzoefu wa kutisha usiopungua miaka kumi. Waliojitokeza walikuwa kumi na wawili. Mama mkwe wa Afisa Takwimu aliongoza kwenye usaili, lakini akaondolewa kwa sababu wajumbe walishindwa kumuuliza swali hata moja. Kazi akaipata Mwalimu Gwamaka, mwalimu mstaafu wa hesabu. Yeye aliingia kimya, akaandika ubaoni hesabu moja ndefu ya sehemu yenye mabano, akageuka na kuuliza nani atakuja kuifanya. Wajumbe wanne, wenye digrii zao, waliingia chini ya meza.

Fomu zikachapwa. Fomu ya Mshtuko Namba Moja ilikuwa na jina la mtishwaji, urefu wa kuruka kwa sentimeta, na sauti iliyotoka: "yalaa", "mama yangu", au nyinginezo, fafanua. Afisa Takwimu alipata kazi ya kufanya kwa mara ya kwanza tangu aajiriwe, na nilimwona mwenyewe akilengwalengwa na machozi. Alisimama ukutani na futi ya fundi cherehani, akitupima.

Jumatatu ya kwanza Mwalimu Gwamaka alijificha nyuma ya kabati langu la mafaili. Nilifungua mlango, akasema "Kokotoa." Niliruka sentimeta sitini na mbili.

Sisemi kwa kujisifu. Mimi ni mwoga wa kuzaliwa na mambo haya hayakuhitaji juhudi kwangu. Wenzangu walihangaika. Msemaji aliruka ishirini na nane tu, akaanza mazoezi ya jioni uwanjani. Afisa Mipango alituhumiwa kuvaa viatu vyenye soli ya mpira wa gari, kamati ndogo ikaundwa kuchunguza soli. Mwisho wa mwezi nilitangazwa Mwoga Bora, nikapewa cheti, nikapigwa picha na Mkurugenzi akiwa amenishika bega. Picha ilitundikwa ukutani, na nikipita pale, jamani, nilijisikia mtu. Miaka kumi na tisa ya mihuri hakuna aliyewahi kunishika bega. Mwezi wa pili nikashinda tena.

Ufanisi uliongezeka sana. Jumatatu tulitishwa, Jumanne tulipumzisha mioyo, Jumatano tulijaza fomu, Alhamisi tulisikiliza rufaa za waliopimwa vibaya, Ijumaa tulijiandaa kwa Jumatatu. Mwananchi akija sasa aliambiwa kwamba mhusika ametishwa kidogo. Idara kutoka miji mingine zilikuja kujifunza. Wageni walishangaa jinsi ofisi ilivyochangamka, watu wakigeuka kutazama nyuma kila baada ya hatua mbili.

*

Tatizo lilikuwa moja, nalo lilikuwa Bi. Siwatu. Hakutishika.

Mwalimu Gwamaka alijaribu kwa moyo wote, na mimi nilitumwa kuwa shahidi wa fomu. Mara ya kwanza aliingia kwenye shimo la koki ya tatu kabla ya mapambazuko, akajikunja humo, na Bi. Siwatu alipofunua mfuniko akafoka kwa sauti iliyoamsha mbwa wa mtaa mzima. Bi. Siwatu alimulika tochi.

"Shikamoo, Bi. Siwatu," nikasema kule nyuma, kwa aibu.

"Marahaba, Nasibu. Mwambie mwalimu atoe mguu, amekanyaga bomba."

Akampa Mwalimu tochi amshikie, akamaliza kazi yake, akaenda koki ya nne. Nikaandika: sentimeta sifuri, sauti nyinginezo, fafanua.

Mara ya pili aliambiwa kuna nyoka shimoni. Aliuliza ni wa aina gani, alipoona Mwalimu hajui akashuka. Mara ya tatu aliletewa barua ya kuachishwa kazi, ya uongo lakini yenye saini zote. Aliisoma mpaka mwisho, akasema haina muhuri wa masijala, akairudisha. Alikuwa sahihi, mimi ndiye niliyesahau.

Miezi mitatu ikakaribia kwisha na jina lake lilikuwa na sifuri kumi na mbili mfululizo. Waraka ulikuwa wazi: asiyeonyesha mabadiliko aondolewe. Wenzangu walisema ni haki yake, kwamba amezoea kukaa nje ya utamaduni wa ofisi, kwamba hata chai hanywi na sisi. Mimi nilikuwa silali. Nilimfahamu yule mama. Miaka mingi nilimpelekea kitabu cha mahudhurio asaini huko huko mashimoni, na kila mara aliniuliza kama nimekula. Sasa anafukuzwa kazi kwa sababu nilipenda vitumbua.

Nikaamua kusema. Ukurasa wa kwanza nilikuwa nao bado, nimeuficha kwenye faili la Maoni ya Wananchi, ambalo halijafunguliwa tangu liundwe. Nikauchukua, nikaenda kwa Mkurugenzi, nikauweka mezani pamoja na ule wa pili, kistari mkabala na neno lake. Nikakiri yote, vitumbua na yote.

Bwana Tindwa alisoma mara mbili. Kisha akaunusa.

"Ukurasa huu una mafuta," alisema.

Nikasema ndiyo, Mheshimiwa, ni ya vitumbua.

"Waraka wa serikali hauna mafuta, Nasibu. Kwa hiyo huu si waraka."

Nikamwonyesha kistari. Akasema kistari ni alama ndogo mno kubomoa idara iliyotembelewa na miji tisa. Akaniuliza kama ninajua motisha inatolewaje. Nikasema labda kumwambia mtu ahsante. Akatafakari, akaniuliza ahsante hiyo inajazwa kwenye fomu gani. Hapo akawa mpole. Alinikumbusha kwamba mimi ni Mwoga Bora mara mbili, kwamba picha yangu iko ukutani, na kwamba mwoga anayekuja kumsahihisha mkurugenzi anaharibu rekodi yake mwenyewe. Ukurasa wa kwanza akauchana vipande vinne. Nikatoka. Miguu yangu ilitoka kabla yangu.

*

Kikao cha nidhamu kilikaa Alhamisi, rufaa za kuruka zikaahirishwa. Mimi ndiye niliyekuwa katibu wa kuandika kumbukumbu. Bi. Siwatu alikuja na raba zake zenye matope, spana akaliegemeza ukutani chini ya picha yangu, akakaa. Shtaka lilisomwa: kutotishika kwa makusudi, mara kumi na mbili.

Waliuliza kama ana ugonjwa wowote wa moyo. Hana. Waliuliza kama anamdharau Mtukufu Rais. Alisema hajapata nafasi, kazi ni nyingi. Msemaji alimsihi aruke hata kidogo, hata sentimeta tatu, wayamalize. Alisema magoti yake ni ya kushukia shimoni na kupandia, ya kuruka hana.

Mkurugenzi akamwinamia kama mtu anayetafuta njia ya kusaidia, na nadhani kwa kiasi fulani alikuwa anaitafuta kweli. "Bi. Siwatu, kila binadamu ana kitu anachokiogopa. Wewe unaogopa nini?"

Alifikiri. Ndiyo mara ya kwanza nilimwona akichelewa kujibu.

"Naogopa kazi, Mkurugenzi," alisema. "Kila nikilala naogopa. Naogopa siku moja nipitiwe na usingizi, koki ya tatu ibaki imefungwa, na kule wodini kuna mwanamke ana uchungu na mkunga hana maji ya kunawa mikono. Hilo limeniamsha miaka ishirini na sita."

Niliinua macho nikawaza, haya, sasa wamesikia. Mkurugenzi alivua miwani, akaifuta, akanigeukia.

"Andika: mtuhumiwa amekiri mbele ya kikao kwamba anaogopa kazi."

Na mimi nikaandika. Nilijua ninachoandika. Nchi nzima inajua maana ya mtu anayeogopa kazi: ni yule anayelala mpaka saa tatu na kusingizia mgongo. Kalamu ilikuwa mkononi mwangu na ningeweza kuongeza yale maneno mengine yote, ya mkunga na ya usingizi. Sikuyaongeza. Watu arobaini, tuliokunywa chai mpaka saa nne kila siku ya Mungu, tulipiga kura na kumwachisha kazi Bi. Siwatu kwa uvivu uliokithiri. Akasaini. Aliniuliza kama nimekula, akaondoka na spana lake, maana alilinunua mwenyewe.

*

Kesho yake mabomba yote ya mji yalikuwa makavu.

Siku ya kwanza Msemaji alitangaza kwamba maji yapo, ila yameshtuka. Siku ya pili Kitengo cha Ufuatiliaji kilitoka kwa mara ya kwanza kwenda kutafuta koki, kikarudi na mfuniko wa choo cha shule. Siku hiyo jioni nilipita nje ya wodi ya wazazi. Ndugu wa wagonjwa walikuwa wamepanga madumu matupu mpaka barabarani. Mkunga mmoja alikuwa anawanawisha wenzake mikono kwa chupa ya maji ya kunywa, kwa kumiminia kidogo kidogo kwenye kifuniko. Niliona haya mpaka masikio yakawaka.

Nikaenda kwa Bi. Siwatu. Nilikuwa nimepanga maneno marefu ya kuomba radhi, sikuyafikia. Aliniangalia tu, akasema nije alfajiri, akafunga mlango. Alfajiri tulikwenda wote, mimi nikiinua mifuniko na yeye akishuka. Asubuhi maji yakatoka mji mzima, na Idara ikatoa taarifa ya kujipongeza kwa hatua madhubuti ilizochukua.

Iliendelea hivyo siku nane. Nyingine nilikwenda naye, nyingine niliogopa nikabaki kitandani. Siku ya tisa ilikuwa Jumatatu, na mimi nilibaki kitandani. Mwalimu Gwamaka, aliyeambiwa kwamba karibuni ataajiriwa mfungua maji mpya, alikuwa amekwenda kufanya mazoezi kwenye lile shimo alilolijua. Akasinzia humo. Bi. Siwatu alifunua mfuniko, akamulika, na Mwalimu Gwamaka aliruka sentimeta themanini na nne, akapiga kichwa kwenye zege. Ndiyo rekodi ya taifa mpaka leo, ingawa haikuthibitishwa kwa kuwa yeye si mtishwaji. Mchana huo huo Bi. Siwatu alikamatwa. Shtaka: kufanya kazi ya serikali bila kuajiriwa, na kufungua koki ya umma.

Adhabu yake kisheria ni miaka mitatu. Kwa umri wake, mitatu ni mingi.

*

Kesi ilisikilizwa Ijumaa moja, siku moja. Hakimu alikuwa mama mwembamba anayekohoa, tena mahakama yake iko mtaa wa koki ya sita. Mwalimu Gwamaka hakuweza kufika. Tangu agonge kichwa alikuwa anahesabu kwa sauti na hajafika mwisho. Hivyo mwendesha mashtaka alihitaji mtumishi mwingine wa Idara aieleze mahakama koki iliyofunguliwa ni ipi, iko wapi na inafanya nini.

Alianza na Mkurugenzi. Bwana Tindwa alisema koki ni chombo cha duara chenye umuhimu mkubwa kwa taifa. Hakimu akamuuliza iko wapi.

"Iko chini ya Idara yangu, Mheshimiwa."

"Chini wapi?"

"Chini ya uongozi wangu."

Akaitwa Afisa Mipango, akasema koki imo kwenye mpango. Akaitwa Afisa Takwimu, akasema ziko nane kwa wastani. Kitengo cha Ufuatiliaji kiliitwa chote kwa pamoja, kikaomba muda. Hakimu alikuwa anaandika taratibu na kukohoa, na kila shahidi alipotoka alimtazama Bi. Siwatu kizimbani, ambaye alikuwa anatazama saa ya ukutani.

Mwisho likaitwa jina langu. Mkurugenzi alinionyesha kidole gumba. Walijua nilikuwa nikimpelekea kitabu cha mahudhurio. Kama kuna mtu wa Idara aliyewahi kuiona koki kwa macho, basi ni mimi. Nikapanda. Nikaapishwa. Mbele yangu alikuwa Bi. Siwatu, na pembeni walikuwa wenzangu thelathini na tisa, na nyuma yao umati wa watu wa mji, wengine na madumu yao.

"Shahidi," alisema mwendesha mashtaka, "unaijua koki ya tatu?"

Ninaijua. Nimeinua mfuniko wake kwa mikono hii. Nikisema ndiyo, Bi. Siwatu anakwenda ndani, na pengine mimi namfuata. Nikisema hapana, nimeapa uongo mbele ya nembo ya taifa. Afisa Takwimu kule pembeni nilimwona anaingiza mkono mfukoni kutafuta futi yake.

"Siijui," nikasema.

Mpaka leo sijui nililisema kwa ujasiri au kwa woga. Mdomo uliotumika ni huo huo mmoja. Hakimu alifunga daftari akasema kwamba mahakama haiwezi kumfunga mtu kwa kufungua kitu ambacho mwenye mali mwenyewe hakijui, na kwamba mshtakiwa yuko huru. Watu wakapiga vigelegele. Mkurugenzi naye alipiga makofi, kwa mazoea.

Nje nilimkuta Bi. Siwatu amekaa kwenye ngazi za mahakama akifunga kamba za raba. Nikamwambia namshukuru Mungu, sasa atarudi kwenye mashimo yake. Akatikisa kichwa. Alisema wakimkamata mara ya pili watakuwa wameshaiona koki ilipo, na safari hiyo hakuna hakimu atakayemsaidia. Akanyoosha mkono nyuma yake, akachukua lile spana, akaniwekea mapajani. Lilikuwa zito kuliko nilivyokumbuka.

"Koki ya tatu inafunguka kwa kushoto," alisema. "Mizunguko kumi na minne. Ukizidisha, soko linakauka. Umesikia?"

"Nimesikia, Bi. Siwatu."

"Unaogopa?"

"Naogopa sana."

"Vizuri," alisema. "Saa kumi na moja na nusu."

Jumamosi nilifungua. Jumapili nilifungua. Jumatatu niliamka saa kumi bila kuamshwa na mtu, nikajifunga shuka kiunoni kwa kukosa kanga, nikashuka shimoni, nikazungusha mara kumi na nne nikihesabu kwa midomo, nikasikiliza mpaka bomba likaanza kunguruma kuelekea wodini. Saa mbili nilikuwa ofisini nimesaini. Nikafungua mlango wa masijala, na Mtishaji mpya akatoka nyuma ya kabati na kunifokea sikioni. Nilisimama nikimtazama, nikiwaza kama nimefunika vizuri ule mfuniko.

Afisa Takwimu aliandika sifuri. Wameninong'oneza kwamba nina miezi mitatu.